BARUA YA WAZI: Msiba wa shangazi yetu haukuwa "kwa hisani ya" mgombea

KWA: Waheshimiwa mnaosimamia redio na runinga, pamoja na wenzenu mnaosimamia uchaguzi
KUTOKA: Fundi cherehani, Ngamiani, Tanga

YAH: MATANGAZO YA SIASA YANAYOPITA REDIONI BILA KUSEMWA KUWA NI MATANGAZO

Waheshimiwa, salaam.

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni fundi, nina kibaraza changu hapa Ngamiani, mwaka wa kumi na tisa huu nashona pale pale, na kazi yetu macho yanakuwa kwenye sindano lakini masikio hayana shughuli, kwahiyo redio inawashwa nikifungua na inazimwa nikifunga. Nalisema hili mapema asije mtu akadai huyu mzee kasimuliwa kijiweni. Sijasimuliwa, nimesikia mwenyewe, siku baada ya siku kampeni nzima.

Na msidhani nimekurupuka kuja hadharani. Barua za kawaida nilishaandika mbili. Ya kwanza niliipeleka kwa mkono kituoni, dada wa mapokezi akaigonga muhuri vizuri kabisa akanirudishia nakala, na mpaka leo ndo imeishia hapo kwenye muhuri. Ya pili nikapeleka ofisi moja ya serikali, nikazungushwa meza tatu, mwisho kijana mmoja mstaarabu akaniambia "mzee wangu, lete ushahidi wa sauti". Sasa jamani mtu anatega redio asikilize vifo, anajuaje kama leo ndo siku ya kurekodi? Kituo sikitaji, mgombea simtaji, na chama chake hamtakisikia kwangu, mana nikitaja tu mjadala utahama, utakuwa wa rangi za fulana, na mimi hoja yangu haina rangi.

Kisa chenyewe ni hiki. Wiki mbili kabla ya kura shangazi yetu alifariki, usiku wa manane. Alfajiri mdogo wangu akapanda baiskeli na karatasi mfukoni akaenda redioni, akalipa hela ya tangazo la kifo, risiti tunayo. Nyie mlioko mbali labda hamjui uzito wa tangazo la kifo huku kwetu. Kuna mtu yuko Maramba, mwingine Pangani, mwingine shambani Muheza kwenye machungwa, simu yake haina chaji na hayo makundi ya WhatsApp hayajui, lakini muda wa vifo ukifika redio inasogezwa karibu na nyumba nzima inanyamaza, hata mtoto akilia anatolewa nje. Kwahiyo na sisi tukakaa uani, wanawake wako ndani na marehemu, redio tumeiweka juu ya kinu kilichopinduliwa, tunasubiri kusikia jina lake.

Mtangazaji akasoma vizuri tu. Jina la marehemu, jina la ukoo, mazishi leo baada ya swala ya alasiri, habari ziwafikie ndugu na jamaa popote walipo. Alafu bila hata kuvuta pumzi, sauti ile ile, na kinanda kile kile cha huzuni kinalia nyuma: tangazo hili limewafikia kwa hisani ya fulani, mgombea udiwani, kijana wenu mchapakazi, anawapa pole wafiwa wote.

Tukaangaliana. Hisani gani? Hela tumelipa sisi! Baba mdogo, ambaye kwenye siasa yuko upande mwingine kabisa na mtaa mzima unajua, akanigeukia mbele za watu akaniuliza, "mmepokea shilingi ngapi?" Waheshimiwa, mimi ni mtu mzima nina wajukuu, nimeulizwa swali hilo maiti ya dada yake iko ndani haijaoshwa. Mpaka tunarudi makaburini kuna binamu zangu wawili wamekaa peke yao chini ya mwembe hawasemi na mtu, na hawakulala matanga. Mgombea naye alikuja, akabeba jeneza, tena mbele. Hapo sina neno, mazikoni kila mtu anakaribishwa. Lakini pale redioni hatukumkaribisha sisi.

Baada ya hapo ndo masikio yakafunguka. Nikaanza kusikiliza kwa makusudi, na haya ndo yanayonikera, nayaweka kwa namba ili mkijibu mjibu kwa namba.

1. Tangazo linavaa nguo isiyo yake. Hili ndo mama wa mengine yote. Mkitaka mfano nina mfano wa kwangu mwenyewe. Kila Januari mimi natangaza sare za shule kituo hicho hicho, sekunde 30. Kabla ya tangazo langu kinapigwa kile kimlio chao, inasemwa "matangazo ya biashara", mimi napita na kaptula zangu za kaki, kimlio kinapigwa tena, kipindi kinaendelea. Msikilizaji anajua kabisa yule ni fundi anatafuta wateja, akitaka anaongeza sauti, akitaka anakwenda kuteka maji. Sasa mshona kaptula ametengewa uzio wake, mtu anayeomba kushika hela za kata miaka mitano anapita wapi? Anapita kwenye vifo. Anapita kwenye salamu, unasikia "salamu hizi ziwafikie kina mama wote wa sokoni kutoka kwa mgombea wao", na mtumaji wa salamu hajulikani ni nani. Siku moja kapita kwenye hali ya bahari! Wavuvi wa Sahare wanasubiri waambiwe kama upepo leo ni wa kutoka au wa kubaki, wanapewa kwanza wasifu wa mgombea. Nilicheka siku ile, lakini kicheko cha hasira.

Zamani haikuwa hivi, na wala sisemi zamani ilikuwa pepo. Mwaka 1995 tulipopiga kura ya vyama vingi kwa mara ya kwanza redio za binafsi ndo kwanza zinaota meno, Radio One ilikuwa imeanza 1994 tu, wengi wetu tunasikiliza RTD, redio ya taifa. Mgombea mdogo akitaka kusikika anakodi pikapu, spika mbili juu, inazunguka mtaani barabara ya kwanza mpaka ya mwisho. Kelele tupu, watoto wanakimbia nyuma, lakini ile spika ilikuwa mkweli. Ukiisikia tu unajua hii kampeni. Hakuna aliyeichanganya na tangazo la msiba.

2. Mahojiano ya kununua. "Leo studio tunaye mgeni maalum", saa nzima, na maswali yenyewe ni "mheshimiwa hebu waambie wananchi siri ya mafanikio yako". Mheshimiwa wapi, hata kura hajapigiwa! Mpinzani wake ni mteja wangu, nimemshonea suruali mbili za kampeni, akaja kibarazani jioni kajiinamia, anasema alikwenda kuuliza bei akaambiwa nafasi zimejaa mpaka siku ya kura, alipobembeleza sana akatajiwa bei ya sekunde 30 ambayo ni mara mbili ya ile niliyolipa mimi kwa sare zangu. Kituo kimoja, sekunde zile zile. Nikamtolea risiti yangu aione kwa macho, akaishia kutikisa kichwa tu.

Sasa mpwa wangu yuko chuo anasoma sheria, nikamwambia nitafutie wenzetu wanafanyaje, akanishushia makaratasi kwenye simu nikawa nayasoma usiku. Uingereza matangazo ya siasa redioni na kwenye runinga hayauzwi kabisa, vyama vinapewa muda wa bure, na ile marufuku yao ilishtakiwa mpaka Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, mwaka 2013 ikapita kwa majaji 9 dhidi ya 8, yani imepitia kwenye tundu la sindano. Marekani wao wanauza, lakini tangu sheria yao ya 1934, ukimpa mgombea mmoja muda hewani na mpinzani wake akiomba unampa nafasi sawa, na baadaye ikaongezwa kwamba zile siku 60 za mwisho kabla ya uchaguzi mkuu mgombea hatozwi zaidi ya bei ya chini kabisa ya muda wa aina hiyo. Afrika Kusini sheria yao ya mawasiliano ya kielektroniki ya 2005 hailazimishi redio kupokea tangazo la chama, ila ikipokea la mmoja basi na wengine wakiomba wapewe, na zikibaki saa 48 kura zifunguliwe, kimya. Sisemi tubebe vya watu kama vilivyo. Mimi ya Uingereza siitaki hata, hizi redio zetu ndogo zinaishi kwa matangazo na nyingine hela ya umeme tu ni kizungumkuti. Ninachotaka ni uzio, kama ule mliouweka kwenye kaptula zangu.

3. Mtangazaji mwenye vichwa viwili. Asubuhi anatusomea magazeti na kutuchambulia nani kasema nini, jioni nakatiza uwanja wa Tangamano namkuta jukwaani kashika maiki anasherehesha mkutano wa mgombea yule yule. Kula na kushiba simnyimi mtu. Achague.

4. Nyimbo. Kampeni zinafungwa siku moja kabla ya kura, hilo kila mtu analijua, hata mabango watu wanaanza kuyabandua. Usiku ule wa kuamkia kura redio ikawa inapiga wimbo, haukusema "nipigie kura", umesema jina lake tu. Nikachukua chaki nikawa napiga mistari kwenye meza ya kukatia kitambaa, jina limetajwa mara kumi na moja, na wimbo wenyewe umepigwa mara nne kabla sijafunga. Mkiniambia hiyo ni burudani nitawauliza mbona wiki iliyofuata haujapigwa hata mara moja.

5. Mlalamikaji hana mlango. Hili nimeshaligusa juu huko. Kituo kinakaa na sauti zote kwenye kompyuta zao, mimi nina redio ya betri, alafu ushahidi naambiwa nilete mimi. Na hata ningekuwa nao, kampeni ni ya wiki chache, ukijibiwa baada ya miezi mitatu diwani keshaapishwa.

Sasa najua mtanijibu nini, mana hizi barua nimesoma nyingi na majibu yake nimeyaona.

Mtasema sheria zipo. Ni kweli zipo, na mpwa wangu kanionyesha. Ipo Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya 2010, ipo na Sheria ya Gharama za Uchaguzi ya mwaka huo huo 2010 inayotaka vyama na wagombea waeleze hela imetoka wapi na imekwenda wapi. Sheria ya uchaguzi ya zamani, Sura ya 343, kifungu cha 53, ilimpa mgombea urais haki ya kutumia redio na runinga za serikali. Hapo mkono nawapa. Lakini angalieni ilikuwa inamtazama nani: mgombea urais, na vyombo vya serikali. Mambo ninayolalamikia mimi yako chini huku, mgombea udiwani na redio ya mtaani, na huku ndo tangazo linakouma, mana diwani tunamjua, tunazikana naye. Mwaka 2024 sheria ile ikafutwa ikaja Sheria ya Uchaguzi wa Rais, Wabunge na Madiwani, kwahiyo diwani safari hii mpaka kwenye jina yumo. Basi aingie na kwenye uzio wa matangazo.

Mtasema redio binafsi ni biashara ya mtu. Na mimi kibaraza changu ni biashara ya mtu, lakini nikikuuzia kitambaa cha tetroni nikakuambia ni pamba utanishtaki na utashinda. Kuuza hajakatazwa mtu, aseme anauza nini basi.

Mtasema uhuru wa habari, Katiba ibara ya 18. Hiyo ibara naipenda sana na nimeikariri, na ndani yake imo haki ya mwananchi kupewa taarifa wakati wote kuhusu matukio muhimu kwa maisha yake. Kujua kwamba sauti ninayoisikia imelipiwa, na nani kailipia, hiyo kwangu ni taarifa muhimu. Msinitolee ibara ile ile kama ngao ya kunificha.

Mtasema hamna watu wa kukaa wanasikiliza redio zote nchi nzima. Hilo nakubaliana nanyi kabisa. Sisi tupo, tunasikiliza bure kutwa nzima, kinachokosekana ni mtu wa kutupokea simu.

Ninachoomba sasa. Kila tangazo la siasa la kulipiwa litanguliwe na lifungwe kwa maneno ya Kiswahili ambayo bibi yangu anaelewa, "hili ni tangazo la siasa, limelipiwa na fulani", na hata likiwa refu kama mahojiano ya saa nzima lisemwe kila baada ya mapumziko, mana watu wanafungua redio katikati. Vifo, ibada, hali ya hewa na bahari pamoja na taarifa ya habari visiguswe kabisa na hela ya mgombea, hata kwa jina la pole, hata kwa jina la hisani. Bei iwe moja kwa wagombea wote na ibandikwe ukutani pale mapokezi. Pembeni yake liwekwe daftari, la karatasi tu, kaunta buku la kawaida, limeandikwa nani kalipa, kiasi gani, tangazo limepita saa ngapi, na mimi nikiingia kutoka mtaani nilifungue nisome bila kuulizwa kitambulisho cha chama. Mtangazaji anayesherehesha kampeni akae pembeni ya maiki mpaka kura zihesabiwe, na nyimbo zenye majina ya wagombea zinyamaze kampeni zikinyamaza. Malalamiko ya wakati wa kampeni yajibiwe ndani ya siku mbili, na jukumu la kuleta sauti liwe la kituo. La mwisho, hizo kanuni ziandikwe Kiswahili na zisomwe redioni kabla kampeni hazijaanza. Nilizozipata mimi zilikuwa Kiingereza, na Kiingereza chenyewe cha mawakili, wakati tangu 2021 nchi imeshaamua lugha ya sheria ni Kiswahili.

Hayo ni ya nchi. Letu la familia ni dogo zaidi. Tunaomba kituo kisome masahihisho, muda ule ule wa vifo, kwamba tangazo la shangazi yetu lililipiwa na watoto wa kaka yake na halikuwa kwa hisani ya mtu yeyote. Dakika moja inatosha. Binamu zangu wale wawili wako Muheza na redio hiyo inafika. Kama masahihisho nayo yanalipiwa tutalipa, mdogo wangu atakuja na baiskeli yake na ile risiti ya kwanza.

Nipo kibarazani kila siku kuanzia saa mbili asubuhi, Ijumaa nafunga saa sita.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Fundi cherehani
Ngamiani, Tanga